Kumaliza Si Kutimiza

Msomaji, katika lugha yetu yako maneno mawili ambayo watu wengi huyatumia kama pacha, nami nimeyatumia hivyo kwa muda mrefu wa maisha yangu. Maneno hayo ni kumaliza na kutimiza. Mtu akifika mwisho wa kazi husema ameimaliza. Mwingine husema ameitimiza. Na msikilizaji haoni tofauti. Lakini nenda sokoni siku ya mahindi, ukamtazame mama anayepima kwa gorogoro. Akiacha kumimina kabla mkebe haujafika ukingoni, kazi ya kumimina ameimaliza, maana mkono wake umekwisha kuacha. Lakini kipimo hakijatimia, na mnunuzi hatatoa fedha mpaka kitimie. Kumaliza ni kuacha. Kutimiza ni kujaza kipimo. Baina ya mambo haya mawili pana nafasi ndogo, pengine ya konzi moja ya mahindi, na katika nafasi hiyo ndogo mimi niliishi miaka 12.

Nataka kukueleza jinsi nilivyotoka humo. Yamkini utacheka, kwa kuwa aliyenitoa hakuwa mwalimu wala mzee wa busara, bali ni mchezo wa kompyuta wa bei ndogo, wenye picha za kitoto na jina lisilotamkika. Cheka, lakini usifunge kitabu.

Kwetu ni Yamumbi, katika Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2024. Nyumba yetu ya kwanza iliteketea katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Sitasimulia habari za siku zile, kwa kuwa wako waliopoteza zaidi ya nyumba, na habari hizo ni zao kuzisema. Yatosha kusema kwamba tulikaa miezi kadhaa katika kambi ya uwanja wa maonyesho wa Eldoret, tukarudi kwenye kiwanja chetu katika mwaka 2008, na katika mwaka uliofuata nikamjengea mama yangu nyumba nyingine ya mbao na mabati. Niliijenga kwa mikono yangu, nikaimaliza. Ilikuwa na milango miwili na madirisha manne. Madirisha matatu yalitiwa vioo. La nne, lililoelekea barabarani, nililiziba kwa ubao na misumari minne, nikamwambia mama kwamba nitalitia kioo mwezi ujao.

Mwezi ujao huo haukufika. Si kwamba fedha zilikosekana, maana kioo si ghali; wala si kwamba sikujua kazi, maana niliyatia yale mengine matatu. Kila aliyenijua alidhani ni uvivu, na mimi mwenyewe nikakubali kuitwa mvivu kwa sababu sikuwa na jina jingine la kujiita. Mama hakunigombeza. Chumba kile ndicho alichoweka cherehani yake, na kwa kuwa kilikuwa na giza hata mchana, alizoea kubeba kiti na nguo anazoshona mpaka mlangoni ili apate mwanga.

Mwezi wa Machi mwaka 2020, shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na kabla mwezi haujaisha ikatolewa amri ya kutotoka nje usiku. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa kidato cha pili, akaja kukaa nasi. Kazi zilipungua, jioni zikawa ndefu. Nilikuwa na kompyuta kuukuu ya mapajani niliyoinunua kwa mtu. Betri yake ilikuwa imekufa, haiwaki ila imechomekwa kwenye umeme. Mpwa wangu akaniomba anunue mchezo mmoja uliokuwa ukiuzwa dola 5, yaani shilingi 500 na ushei za wakati ule. Nilikubali, kwa kuwa nilitaka akae nyumbani asizurure.

Jina la mchezo huo ni herufi moja iliyorudiwa mara sita: VVVVVV. Mtunzi wake ni Terry Cavanagh, mtu wa Ireland, naye aliutoa Januari 2010. Mwanzo uliuzwa dola 15, kisha bei ikashushwa. Hautokani na kampuni kubwa yenye mamia ya wafanyakazi. Aliutunga karibu peke yake. Muziki wake, ambao ni mchangamfu hata humfanya mtu atikise mguu bila kujua, ulitungwa na Magnus Pålsson wa Uswidi, na kila chumba katika mchezo kimepewa jina, aghalabu la mzaha, na Bennett Foddy. Picha zake zilifanywa kwa makusudi zifanane na zile za kompyuta ya zamani iitwayo Commodore 64, iliyotokea mwaka 1982 na kupewa namba hiyo kwa sababu kumbukumbu yake ilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 64. Mama aliposikia namba ile aliuliza kama mchezo ulitungiwa kwetu. Kwa maana wazee waliuita mji wa Eldoret Sisibo, yaani 64, kwa kuwa ulianzia katika shamba lililopewa namba hiyo zama za walowezi. Tukacheka sana, na tangu siku hiyo mchezo ule ukaitwa katika nyumba yetu mchezo wa Sisibo.

Habari yenyewe ni rahisi. Nahodha aitwaye Viridian husafiri na wenzake watano katika chombo cha angani. Chombo chapata ajali, na wenzake watano wanatawanyika mahali pasipojulikana. Majina yao wote sita huanza kwa herufi V. Kazi ya mchezaji ni kumwongoza nahodha, ambaye ni mtu mdogo wa rangi ya samawati mwenye tabasamu pana, mpaka awapate wenzake. Uso wake ni alama chache tu za nuru, lakini akifa tabasamu hugeuka huzuni, na mtu mzima hujikuta akimwonea huruma.

Lililo geni katika mchezo huu ni hili: nahodha haruki. Michezo ya jinsi hii, ambayo shujaa hupita juu ya majukwaa, karibu yote imejengwa juu ya kuruka. Hata Mario wa Japani, ajulikanaye duniani kote, alipotokea mara ya kwanza mwaka 1981 alipewa jina lenye maana ya mtu wa kuruka. Viridian hawezi kuruka hata kimo cha tofali. Awezalo ni kugeuza mvutano. Mchezaji akibonyeza kitufe, nahodha huanguka kuelekea juu, na dari huwa sakafu yake. Akibonyeza tena, hurudi chini. Wala hawezi kugeuza akiwa hewani. Sharti kwanza akanyage mahali. Basi maisha yake ni kuanguka tu, huku na huku, katikati ya miiba iliyotegwa kila upande. Akiguswa na mwiba hufa, na mara hiyo hiyo hurudishwa kwenye kituo cha karibu alichokipita. Hapigwi faini, hanyang'anywi kitu. Huhesabiwa tu.

Tulipokezana zamu, mimi na mpwa wangu, na baada ya jioni nne tukawa tumewaokoa wote watano. Muziki wa ushindi ukalia. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, tumemaliza." Nami nilinyosha mkono nifunge kompyuta. Lakini kabla ya kutuaga, mchezo ulituandikia hesabu yetu: saa tulizotumia, mara tulizogeuza mvutano, vifo vyetu, ambavyo vilikuwa 936, na jina la chumba kilichotuua kuliko vingine vyote. Na juu ya hayo, ukatuandikia kwamba katika vito 20 vilivyofichwa njiani, tumeokota 11.

Mama alikuwa akishona karibu na taa. Akauliza, "Kwa hiyo bado tisa?"

Nikamwambia, "Hivyo si lazima, mama. Mtu anaweza kumaliza bila hivyo."

Akasema, "Ni kweli. Hata dirisha si lazima." Akaendelea kushona.

Usiku ule sikulala upesi. Asubuhi nilimwambia mpwa wangu kwamba tutavitafuta vile tisa.

Vito vinane tulivipata kwa upekuzi na kwa subira ya kawaida. Cha tisa kilituweka majuma mawili. Hebu nikuonyeshe mahali kilipokuwa, kwa maana ndipo ulipo moyo wa habari yangu. Nahodha huingia katika chumba ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Kufanya Mambo kwa Njia Ngumu. Amesimama sakafuni. Kito kiko juu ya sakafu hiyo hiyo, hatua chache mbele yake, kinametameta. Baina yao pana kizuizi kimoja tu, kijiwe kisichofika kiuno chake. Mtoto aliyejua kutembea juzi angekivuka. Lakini nahodha haruki.

Njia iliyobaki ni moja. Sharti ageuze mvutano, aanguke kwenda juu, apite katika vyumba kadhaa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kuta zake zikiwa miiba mitupu, huku akijisogeza kulia na kushoto katika nafasi nyembamba. Afike kileleni, akanyage jukwaa ambalo hubomoka likiguswa, ageuze tena kabla halijatoweka, kisha aanguke kurudi chini kwa vyumba vile vile na kwa kasi ile ile, atue upande wa pili wa kijiwe. Safari yote haifiki nusu dakika. Katika nusu dakika hiyo hakuna kituo wala pa kupumzika. Mwiba mmoja wamrudisha alikotoka. Vyumba vitatu vya njiani vina majina ya Kilatini ya usemi unaonasibishwa na Julius Caesar: Veni, Vidi, Vici, nilikuja, nikaona, nikashinda. Sisi tulivisoma mara nyingi sana.

Siku za mwanzo nilicheza kwa hasira, na hasira haikunipeleka mbali kuliko chumba cha pili. Mpwa wangu ndiye aliyeleta akili. Alichukua daftari la hesabu, akachora kila chumba katika ukurasa wake, akaweka alama mahali pa kwenda kulia na mahali pa kwenda kushoto. Tukaacha kujaribu kufika kwenye kito. Tukajaribu kuvuka ukurasa wa kwanza tu, mpaka mkono ukauzoea. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Aliandika kila kifo kwa kijistari, na vijistari vilipofika 412 tulikuwa tumefika kileleni mara mbili na kurudi chini mara hata moja hatujarudi. Lakini jambo moja lilikuwa limebadilika. Nilikuwa sitazami tena miiba. Nilisikiliza sauti ya kijana ikisema, "Kulia, kushoto, kushoto, kulia," na vidole vyangu vilitii.

Jioni moja nahodha akatua upande wa pili wa kijiwe. Tulinyamaza. Kito kilikuwa hatua mbili mbele yake, hapana mwiba wala adui, nami niliogopa kusogeza kidole. Mpwa wangu akaninong'oneza, "Mjomba, kichukue tu." Nikakichukua.

Msomaji, nilijifunza mambo mawili katika majuma hayo. La kwanza unalijua tayari, maana walimu wako wamekuambia: jambo refu hugawanywa vipande, na kila kipande hushindwa peke yake. La pili sikuambiwa na mtu. Ugumu wa jambo haupimwi kwa kimo chake. Kijiwe kile kilikuwa kidogo. Lililokuwa kubwa ni kwamba nahodha, kwa maumbile yake, haruki. Ukimwona mwenzako amekwama mbele ya kitu ambacho wewe ungekivuka kwa hatua moja, usifanye haraka kumwita mvivu. Huenda kwake yeye njia ya kupita hapo ni ya vyumba vingi kwenda na vingi kurudi. Nilianza kuutazama ubao wa dirisha letu na kujiuliza, si kwa nini mimi ni mvivu, bali ni kitu gani mimi siwezi.

Vito 20 vilipotimia, mlango wa chumba cha siri ulifunguka, na ndani yake tukaona mahali pa vikombe vya ushindi ambavyo bado hatukuwa navyo. Kumbe kipimo kilikuwa kikubwa kuliko tulivyodhani. Kulikuwa na mashindano sita ya kukimbizana na saa, na katika kila moja mchezaji sharti amalize katika muda uliowekwa, aokote kila kito kilichomo, wala asife. Kulikuwa na uwanja ambamo nahodha hurushwa juu na chini bila kukoma, vizuizi vikimjia kutoka pande zote mbili, na mchezaji hutakiwa kuishi sekunde 60. Neno sekunde 60 ni dogo kulisema. Mpwa wangu aliziishi mwezi wa Desemba, nami nilimpigia makofi mpaka mama akaja kuuliza kuna nini.

Tulizoea kuzungumza habari za wakimbiaji jioni zile, maana katika nchi yetu ya Uasin Gishu mazungumzo hayaepuki miguu. Kila mtoto wa kwetu ajua kwamba Eliud Kipchoge, ambaye kambi yake ya mazoezi iko Kaptagat, alikimbia mbio za marathoni huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa muda wa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mpwa wangu aliniuliza kwa nini mbio hizo zina kilomita 42 na mita 195, na kwa nini zile mita 195 zisiachwe, hesabu ikawa nzima. Nikamjibu kwamba aliyesimama kwenye kilomita ya 42 amekimbia sana, tena atastahili kupongezwa na jirani zake, lakini jina lake halitaandikwa popote. Niliposema hivyo nilisikia maneno yangu mwenyewe yakinigeukia.

Ulibaki mtihani wa mwisho: kuupita mchezo wote, mwanzo mpaka mwisho, bila kufa hata mara moja. Vituo huwa havina kazi tena. Kosa moja, na yote hupotea. Januari 2021 shule zilifunguliwa, mpwa wangu akaenda, nami nikabaki na mtihani huo peke yangu. Kila usiku nilijaribu. Nikagundua jambo la aibu. Nilipokufa mapema sikuumia. Lakini kila nilipofika mbali, vidole vilianza kufanya haraka, kana kwamba nilikuwa nautafuta mwiba nife upesi, nipumzike na hofu ya kufa. Si mikono iliyokuwa ikishindwa. Mikono ilikwisha kujua. Aliyeshindwa ni mtu aliyekuwa na kitu karibu kamili mkononi mwake na hakuweza kuvumilia kukishika.

Mwezi wa Aprili, wakati wa likizo, mpwa wangu alirudi. Usiku mmoja wa mvua kubwa nilicheza naye ameketi kando yangu, na kwa mara ya kwanza nilifika sehemu ya mwisho bila kufa. Vyumba vilibaki vichache. Sikufanya haraka. Nilihisi kwamba usiku huo ndio wenyewe. Ndipo umeme ukakatika.

Nilikwisha kukuambia kwamba betri ya kompyuta ile ilikuwa imekufa. Kioo kikawa cheusi, nyumba ikawa nyeusi, mvua ikasikika juu ya mabati. Vidole vyangu vilikuwa bado juu ya vitufe. Mpwa wangu hakusema neno. Mama akaja na taa, akatuangalia nyuso, akauliza, "Kuna kilichoharibika?"

Nikasema, "Hapana, mama. Kimepotea tu."

Akauliza, "Lakini njia si unaijua?"

Nilimtazama kwa nuru ya taa ile. Mwanamke huyu aliwahi kupoteza nyumba nzima kwa usiku mmoja, akarudi kwenye majivu yake, akaonyesha kwa kidole mahali pa kuchimba msingi. Njia aliijua. Na hapo, msomaji, nikajua ni kitu gani mimi nisichoweza. Katika nyumba yetu ya kwanza, kioo cha upande wa barabara ndicho kilichovunjika kwanza. Nilipoijenga nyumba ya pili, niliacha upande ule bila kioo, na kwa miaka 12 nikajiambia kwamba sina nafasi. Ukweli ni kwamba nyumba isiyotimia haijawa nyumba bado, na kisichokuwa bado hakiwezi kuteketezwa. Niliiacha konzi moja nje ya kipimo ili siku nitakaponyang'anywa niseme hakikuwa kimejaa. Huu haukuwa uvivu. Ulikuwa woga uliovaa nguo za uvivu, na nguo hizo zilimwenea vizuri hata mwenyewe sikumtambua.

Na sasa lile niliogopalo lilikuwa limetokea mbele ya macho yangu, ijapokuwa kwa mfano mdogo na wa mchezo. Kitu karibu kamili kilikuwa kimezimika kwa kufumba na kufumbua, bila kosa langu. Nami nilikuwa nimeketi, mzima, nikisikiliza mvua. Mchezo ulipotea, lakini yaliyokuwa mikononi mwangu hayakupotea. Nikaanza kucheka, mpwa wangu akacheka, na mama akatuuliza kama tuna akili.

Siku ya sita baada ya hapo niliupita mchezo wote bila kufa. Ulichukua muda usiozidi saa moja. Sitakuelezea sana, kwa sababu hapakuwa na ajabu. Vidole havikufanya haraka, ndiyo basi. Katika chumba cha siri kikombe cha mwisho kikasimama mahali pake, na hapakubaki nafasi tupu. Mpwa wangu alikihesabu kila kikombe kwa kidole, mmoja mmoja, kama mama wa sokoni ahesabuvyo fedha, akasema, "Mjomba, umetimia."

Asubuhi yake nilinunua vioo na puti. Misumari minne ilikuwa imeshika kutu, na mmoja ulikatika nikautoa kwa koleo. Nyuma ya ubao, mbao za fremu zilikuwa bado nyeupe kama siku nilipozipiga randa, kwa kuwa jua halikuzigusa tangu mwaka 2009. Kazi yote ilichukua muda kutoka asubuhi hadi chai ya saa nne. Miaka 12, msomaji, na kazi ya saa tatu. Mama alikivuta kiti chake kutoka mlangoni akakiweka karibu na cherehani, akaketi, akatunga uzi kwenye sindano bila kusogea kwenye mlango. Baada ya muda mfupi jirani mmoja alipita barabarani, akaona kioo, akasimama, akamwamkia kupitia dirishani. Wakazungumza habari za mvua na mahindi. Walikuwa hawajazungumza kutoka upande ule tangu nyumba ya kwanza.

Sasa nisije nikakudanganya. Mimi sisemi kwamba mchezo wa kompyuta ni shule, wala kwamba uache kitabu chako ushike vitufe. Nilihesabu baadaye nikaona kwamba mchezo ule ulikula zaidi ya saa 140 za maisha yangu, na dirisha lilihitaji saa tatu. Mwenye hesabu kali atasema nilitumia njia ngumu, na nitakubali, kwa kuwa hata chumba chenyewe kiliitwa hivyo. Jibu langu ni moja tu: kijiwe kile sikuweza kukiruka. Njia ndefu ilikuwa ndiyo njia.

Tena sisemi kwamba kila kilichoanzwa lazima kitimizwe. Yako mambo ambayo ni busara kuyaacha nusu. Kitabu kibaya, ugomvi, biashara inayokula mtaji. Mtu anayetaka kujaza kila mkebe auonao sokoni atafilisika. Lakini unapoacha, jiulize unaacha kwa sababu gani. Kama ni kwa sababu jambo halikufai, acha kwa amani na usilitazame tena. Kama unaliacha huku ukilitazama kila siku, kama mimi nilivyoutazama ubao ule, basi si jambo uliloliacha. Ni jambo linalokungoja.

Wewe ni kijana, na vipimo vyako vingi bado havijaanza kujazwa. Chagua kimoja kilicho kidogo, ambacho kikikushinda hakuna atakayeumia: wimbo wa kujifunza kwa zumari, kitanda cha sukumawiki, hesabu za sura moja ya kitabu, hata mchezo wa shilingi 500. Kijaze mpaka ukingoni, mpaka pasibaki nafasi ya punje. Hutapata mali kwa hilo. Utakachopata ni kujua jinsi mkono wako unavyotetemeka unapokaribia kutimiza, na kuizoea hali hiyo, ili siku utakapopewa kipimo kikubwa usiuchukue mtetemo huo kuwa ni amri ya kuacha.

Mama bado hushona dirishani. Kioo kile kimepata ufa mdogo pembeni, uliotokana na jiwe lililorushwa na watoto wakicheza. Nilipouona kwanza moyo ulishtuka. Kisha nikapima kioo kingine, kwa kuwa njia ninaijua.